Kitambaa cha Mama Mkwe

Mwezi uliopita alikuja mtangazaji wa televisheni, akajitupa kwenye kochi langu, akala mkate wangu wa jibini vipande vitatu, halafu akafuta mdomo na kuniambia, "Bibi Tsiala, hebu tusimulie ile hadithi tamu ya kitambaa." Tamu! Nilimwondolea sahani mbele yake. Nikamwambia utamu akautafute kwa jirani, hapa kwangu ameukosa. Akaondoka na kamera yake bila kupiga picha hata ya paka.

Nina hasira na sioni haya kusema. Mjini Tbilisi kila mtu anaijua habari ya mume wangu, au anadhani anaijua. Wanaisimulia mezani, glasi za mvinyo juu, machozi yanawalengalenga: aah, mila zetu, aah, mama zetu! Hakuna hata mmoja wao aliyefua damu kwenye koti la judo la Imeda. Hakuna aliyelala na mwanamume aliyejikausha maji mwilini mpaka ulimi ukamganda kinywani. Basi nitaisimulia mimi, kama ilivyokuwa, na anayetaka utamu akalambe asali.

Mimi ni msusi. Nusu ya vichwa vya wanawake wa mtaa wetu wa Avlabari vimepita mikononi mwangu, na siku hizo nywele zangu zilikuwa nyekundu, za kupaka, zimeinuliwa juu mpaka watu wa nyuma sinema walalamike. Imeda alikuwa mtu wa Khevsureti, huko juu milimani ambako theluji ikishafunga barabara hamwonani tena mpaka majira yageuke. Mfupi, mpana, shingo hana, masikio yamesagwa kwa mieleka. Mpole kupita kiasi. Upole wake ndio ulionizeesha.

Huko kwao watu hupigana mieleka siku ya sikukuu. Ngoma inalia, zumari linalia, watu wanafanya duara, wanaume wawili wanavaa vikoti vya turubai visivyo na mikono na kushikana. Ukimbwaga mwenzako mgongo ukagusa nyasi, yamekwisha. Unampa mkono, unamwinua, mnakumbatiana, mnakwenda kunywa. Kumgusa mtu aliyekwisha kuanguka ni aibu ya ukoo mzima. Kocha wa judo, Murman, alipanda huko siku moja kula kondoo wa sikukuu, akamwona Imeda akimnyanyua mhunzi wa kijiji na kumlaza chini taratibu utadhani anamlaza mtoto mchanga. Murman alikwenda kula kondoo, akarudi na mume wangu.

Tabu ikaanza hapo. Kwenye judo, mtu akianguka, mara nyingi ndiyo kwanza kazi inaanza. Unamfuata chini, unamgandamiza, unampinda mkono, unampiga kabali kwa ukosi wa koti lake mwenyewe mpaka apige mkeka kwa kiganja kuomba aachiwe, au apoteze fahamu. Imeda hakuweza. Alikuwa anambwaga mtu vizuri kabisa, halafu anamnyooshea mkono amwinue. Yule wa chini anaushika huohuo mkono, anamvuta, anamkaba.

"We mchunga mbuzi!" Murman alikuwa anapiga kelele mpaka madirisha yanatetemeka. "Huyo si mgeni wako! Hujamkaribisha chai! Mkabe!"

"Ameshaanguka, kocha."

"Ameanguka wapi? Anakucheka huyo!"

Ilimchukua miaka kujifunza. Lakini alipojifunza, ole wao. Kabali yake ikawa ya kuogopwa kuanzia Riga mpaka Tashkent. Akawa bingwa wa Georgia, akapata medali ya fedha katika mashindano ya Muungano mzima wa Kisovieti, akatajwa magazetini. Na kila ilipofika zamu ya kusafiri nje, kusimama mbele ya Wajapani na Wafaransa, alitokea mtu wa Moscow mwenye mjomba mahali fulani. "Safari hii mwachie mwenzako, Imeda, wewe bado kijana." Mwaka unaofuata: "Safari hii tunajaribu damu mpya, Imeda, wewe mzoefu." Yaani kijana na mzee kwa mwaka mmoja. Mimi nilikuwa natukana mpaka majirani wanafunga milango. Yeye anakuna sikio lake lililosagwa na kusema, "Labda mwakani."

Na uzito! Siku ya harusi yetu alikuwa anajikausha apunguze kilo kwa ajili ya mashindano ya Kiev. Meza imejaa, kondoo, samaki, maandazi ya nyama yanatoa moshi, wageni wanaimba, na bwana harusi wangu amekaa anafyonza kipande cha limau. Mjomba wangu alidhani anaumwa, akaniuliza kwa siri kama bado naweza kubadili mawazo.

Kisha ukaja mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Montreal. Imeda alikuwa anakaribia miaka thelathini na goti lake moja lilikuwa linalia kama bawaba ya mlango. Ilikuwa sasa au basi. Mkubwa wa timu alikuwa Ndugu Bezuglov, mtu wa Moscow, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Alikuja Tbilisi na kutangaza mbele ya wachezaji wote kwamba atakayeshinda fainali ya mashindano ya mchujo, hapahapa Tbilisi, ndiye atakayekwenda Montreal katika uzito wa Imeda. Hakuna mjomba wala shangazi. Nilimsikia kwa masikio yangu, na mjinga mimi nikapiga makofi.

Murman alipokunywa vya kutosha, moyo ukamlainika, akapeleka gari milimani kumleta mama yake Imeda. "Ni lazima mama amwone mwanawe akipata Montreal," alisema huku akilia. Huyo ndiye Murman, akinywa ni lazima alie.

Mama mkwe aliitwa Mzekala. Mjane, nguo nyeusi toka juu mpaka chini, kitambaa cheusi kichwani, viatu vya sufu alivyofuma mwenyewe. Hakuwahi kuona judo. Aliingia ndani kwangu, akakitazama kichwa changu chekundu kama mtu anayetazama nyumba isiyoezekwa.

"Mama, huna kitambaa?" akaniuliza. Kwetu mama humwita mwanawe au mkwewe "mama", hata anapomkaripia.

"Mimi msusi, mama. Nikijifunika, nani ataiona kazi yangu?"

"Na siku ukikihitaji?"

"Nikihitaji cha nini?"

Akakigusa chake kichwani. Nilijua alichomaanisha, kila mtu Georgia anajua. Wanaume wakishikana, wakichomoleana majambia, mwanamke akivua kitambaa chake na kukitupa katikati yao, ni lazima waachane palepale. Na kitambaa kikiwa bado chini, hakuna anayeruhusiwa kuinua mkono mpaka mwanamke aliyekitupa akiokote. Lakini sisi wa mjini tuliijua hiyo kama tunavyojua majina ya wafalme. Kule milimani ilikuwa bado inatumika.

Tulikaa mstari wa mbele kabisa, mimi na yeye, karibu na mkeka. Murman alitutafutia viti hivyo. Imeda alipita wote, akafika fainali na Sushkov wa Leningrad, kijana mrefu mwenye mikono mirefu. Sikuwa na ugomvi na Sushkov na mpaka leo sina. Imeda alimzungusha mara mbili, akampata kwa nyonga na kumtupa. Akaanguka ubavu, haikutosha kumaliza pambano. Lakini safari hii Imeda hakumnyooshea mkono. Akamfuata chini, akazunguka nyuma yake, mkono ukapita shingoni, ukosi ukakamatwa. Kabali.

Ukumbi ukalipuka. Nilipanda juu ya kiti. "Mmalize! Mmalize, Imeda wangu!" Niliiona Montreal kwa macho yangu. Sushkov akawa mwekundu, kisha zambarau. Alikuwa na kiburi cha ujana, hakutaka kupiga mkeka. Miguu yake ikaanza kurusharusha, kisha ikalegea.

"Mbona hawamwachishi?" Mzekala akaniuliza.

"Mchezo, mama! Kaa!"

"Mchezo gani? Macho ya yule mtoto yamegeuka. Imeda anaua mtu."

"Kaa, mama, sekunde moja tu..."

Hakukaa. Kwake mtu aliyeanguka alikuwa ameanguka, na mwanawe alikuwa chini anamnyonga mtoto wa mwanamke mwenzake mbele ya watu, na watu wanashangilia. Sasa ungemwambia nini? Akapiga hatua, akavuta kitambaa kichwani, akakirusha. Kikaanguka juu ya mkeka, sentimita chache kutoka usoni mwa Imeda.

Aliachia palepale. Kama mtu aliyeshika chuma cha moto. Mikono yote miwili ikafunguka, akalala chali, macho kwenye kile kitambaa. Mwamuzi alikuwa mtu wa Minsk. Aliona tambara jeusi na hakuelewa lolote, wala hakusimamisha pambano. Sushkov akakohoa, akavuta pumzi, sidhani kama alijua yuko mji gani, lakini mwili wake ulijua kazi. Akatambaa, akampandia Imeda kifuani, akamgandamiza. Mwamuzi akanyoosha mkono kuonyesha kwamba amekamatwa, saa ianze kuhesabu sekunde thelathini za ushindi.

Na kitambaa bado kiko chini; Mzekala hakukiokota, kwake wale wawili walikuwa bado hawajaachana.

"Jinyanyue!" nilipiga kelele mpaka koo likachanika. "Imeda, jinyanyue! Mgeuze!" Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele hizohizo. Angemtupa yule kijana kwa kidole, alikuwa hoi. Imeda hakusogeza hata bega. Alilala pale akitazama taa za dari mpaka kengele ikalia, na Montreal ikawa ya Sushkov.

Murman alikaa chini sakafuni na taulo kichwani. Mfanyakazi mmoja wa ukumbi akaokota kitambaa akakipeleka kwenye meza ya waamuzi, na toka hapo kikawa mali ya wakubwa.

Nyumbani nilivunja vyombo. Nasema ukweli, nilivunja sahani zote za harusi isipokuwa ile ya samaki, kwa sababu ilikuwa ya mama yangu. "Miaka yote hii!" nilimwambia. "Umejinyima maji, umejinyima chakula, goti limeoza, mimi sijawahi kupelekwa hata baharini, na unaachia! Unaachia kwa sababu ya tambara!"

"Kilikuwa kitambaa cha mama," alisema.

"Mwamuzi hakusema acha!"

"Mwamuzi si mtu wa kwetu, Tsiala. Angejuaje?"

Ndiyo hayo tu. Ungeweza kumpiga kwa sufuria, angekuuliza kama mkono umekuuma. Mzekala alikaa karibu na jiko, kichwa wazi. Sikumsemesha. Nilikuwa nikipita karibu naye nafunga makabati kwa kishindo. Mjini wakaanza kusema Imeda ameuza pambano. Mwuza mboga akaniuliza tumenunua gari rangi gani. Nilimwachia nyanya zake sakafuni.

Halafu akaja Murman, safari hii hajanywa, na habari. Bezuglov si mjinga. Anajua Sushkov bado mbichi, akifika Montreal atatupwa nje siku ya kwanza. Anamtaka Imeda. Lakini ameshatangaza, na mashindano yameshaisha, na wakubwa wake huko juu wanauliza imekuwaje mpiganaji wa nchi yetu aache pambano kwa tambara la bibi kizee. Kwa hiyo kuna njia. Kutakuwa na mkutano wa wanamichezo. Imeda atasimama, atasema kwamba mila ile ni mabaki ya giza, kwamba anaona aibu kwa kitendo chake na cha mama yake. Basi. Atarudishwa kwenye timu.

"Maneno tu," alisema Murman. "Yanasemwa na kusahaulika."

"Aseme!" nilidakia. "Kesho! Leo! Niko tayari kumsemea mimi."

Imeda alimtazama mama yake. Tulidhani Mzekala hafuatilii, alikuwa anamenya vitunguu. Akasema bila kuinua kichwa, "Si utasema kwa Kirusi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sema, mwanangu. Kirusi sikijui. Sitasikia."

Nilitamani kumbusu, na bado nilikuwa na hasira naye, kwa hiyo nikachukua vitunguu nikamenya mimi. Imeda akasema sawa, atakwenda. Nikampigia shati pasi.

Asubuhi ya mkutano wakaleta habari kwamba mama naye anatakiwa awepo. Nikatoa skafu yangu ya hariri, ile nzuri, nikampa ajifunike. Akaisukuma kwa upole. Kitambaa chake kiko kwa watu, alisema, alikitupa na hajakiokota, na mpaka atakapokiokota hawezi kujifunika kingine. Mwanamke wa miaka sitini na tano ambaye hata mumewe alikuwa anamwona kichwa wazi gizani tu. Nikaleta kiti na kitana. Nywele zake zilikuwa nyembamba, nyeupe, laini za ajabu, hazijawahi kuguswa na mtu wa kazi. Nilizisuka mwenyewe, msuko mmoja mgongoni.

Ukumbi ulikuwa umejaa wacheza judo, wanamieleka, wanyanyua vyuma, vifua kama makabati, wote wamevaa suti za kubana. Mbele, meza yenye kitambaa chekundu, jagi la maji, Bezuglov katikati. Na mezani, mbele yake, kitambaa cha Mzekala kimekunjwa ovyo kama ushahidi wa wizi. Yeye mwenyewe walimkalisha mstari wa mbele, peke yake, ili kila mwanamume aliyemo aone kichwa chake. Nikaenda nikakaa karibu naye bila kuitwa. Mmoja akaniashiria nirudi nyuma, nikamtazama, akaacha.

Bezuglov alizungumza kwa muda mrefu. Binadamu amefika mwezini, alisema, na hapa Georgia tambara la bibi kizee linaamuru mabingwa. Wachache wakacheka, wale wanaocheka siku zote. Wengine walitazama viatu vyao. Kisha akamwita Imeda.

Imeda akasimama mbele ya meza, na mikono yake mikubwa hajui aiweke wapi.

"Ndugu zangu," alisema kwa Kirusi chake cha milimani. "Naona aibu."

Nilibana kiti. Sema, sema, endelea, nilikuwa namwambia moyoni.

"Naona aibu kwamba mama yangu amekaa hapa kichwa wazi mbele ya wanaume, na kitambaa chake kiko mezani kwenu. Ndugu Bezuglov, mrudishie kwanza. Kisha nitasema mnachotaka. Chote, neno kwa neno."

Sikilizeni vizuri, kwa sababu wale wa mezani na glasi zao hapa ndipo wanapopotosha. Wanasema Imeda aligoma. Hakugoma! Angesema. Alikuwa tayari kujidhalilisha mbele ya watu wote waliomheshimu, ili tu mama yake ajifunike kwanza. Aliomba tambara. Ndiyo gharama yote ya Montreal, kunyoosha mkono na kurudisha tambara.

Bezuglov akatabasamu. "Hiki?" Alipokuwa anahutubia alikuwa amemwaga maji kidogo mezani. Akakishika kitambaa kwa vidole viwili, akapangusa yale maji, taratibu, huku na huku, kama mhudumu wa baa. "Angalau kinafaa kwa kitu," alisema.

Sikuona Imeda alivyofika. Meza ilisogea, jagi likapasuka, na Bezuglov alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, kola zake zote mbili ziko mkononi mwa mume wangu, na ule mkono wa pili ulikuwa unazunguka shingo. Kila mtu mle ndani aliijua hiyo kabali. Bezuglov akawa mwekundu. Hakuna aliyesogea. Murman alikuwa ameganda. Wengine, niliwaona usoni, walikuwa wanataka iendelee. Mimi pia nilitaka! Lakini nilimwona Imeda kwenye gari la polisi, nikamwona kwenye treni ya kwenda kambi za wafungwa, kule ambako watu wanarudi bila meno au hawarudi. Nikapeleka mkono kichwani. Nini? Nywele nyekundu tu.

Kitambaa kilikuwa kimedondoka kwenye ukingo wa meza, kimelowa. Nilikuwa nimeapa kukichoma siku kitakaponifikia mkononi. Nikakinyakua, nikakirusha katikati yao.

Kikaangukia viatu vyao. Imeda akakitazama. Akanitazama mimi. Mikono ikafunguka, ikashuka.

Bezuglov akarudi nyuma, akakohoa, akavuta pumzi. Akanyoosha tai. Akaona yule dubu amesimama mbele yake mikono chini. Akampiga kofi. Lilisikika mpaka mlangoni. Akamtazama tena, akaona hafanyi kitu, akampiga la pili.

Ukumbi mzima ukasimama kwa pamoja, viti vikaanguka. Wanaume wote wale, misuli yote ile, na kila mmoja alikuwa anatazama sakafuni, kwenye kitambaa. Hakuna aliyepiga hatua. Bezuglov alidhani wanamwogopa yeye. Nina hakika amekufa anaamini hivyo, na hilo linaniuma mpaka kesho.

Basi damu ikanipanda. Mimi ndiye niliyekirusha, mimi ndiye wa kukiokota. Kikishatoka chini, mikono ya Imeda iko huru, na ya wote mle ndani. Nilitaka taya la Bezuglov. Treni na iende, gereza na liwe, nitampelekea mkate mpaka huko kwenye barafu. Nikainama, nikashika pembe.

Kiatu cha sufu kikakanyaga katikati ya kitambaa.

"Ondoa mguu, mama," nilimwambia Mzekala.

"Kiache, mama."

"Amempiga! Mwanao amepigwa kofi mbele ya watu!"

"Nimeona."

"Umeona halafu? Ondoa mguu!" Nikavuta. Kitambaa kikalia, kikachanika kwenye pembe. Hakuondoa. Nikainua uso nimtukane, Mungu anisamehe, nimwambie yote niliyoyafungia kwenye makabati siku zote zile, kwamba yeye na milima yake ndio waliotumaliza, kwamba ana jiwe kifuani. Nikaona mguu wake. Ulikuwa unatetemeka, kuanzia kwenye kiatu mpaka kwenye goti, sketi yote nyeusi inacheza. Midomo imekuwa myeupe. Alikuwa anamtazama Bezuglov, na hayo macho sijawahi kuyaona kwa mtu mwingine, wala sitaki.

"Nikiondoa huu mguu," aliniambia polepole, "sitamngoja Imeda."

Nikaachia pembe.

Alisimama hivyo, mguu juu ya kitambaa chake mwenyewe, mpaka Bezuglov alipokusanya mafaili yake, akachukua kofia, akapita katikati ya wanaume wale na kutoka. Hakuna aliyempisha wala aliyemzuia. Hakushtaki, maana angelazimika kueleza mbele ya wakubwa wake jinsi alivyonyanyuliwa kola na jinsi alivyoachiwa. Montreal akaenda Sushkov, akatolewa siku ya kwanza. Imeda hakuitwa tena popote. Alifundisha michezo katika shule ya Avlabari mpaka goti likakataa kabisa, na mpaka anakufa hakuniambia hata mara moja kama nilifanya vema kukirusha. Nilimwuliza mara nyingi, na kwa kelele. Alikuwa anakuna sikio.

Mlango ulipofungwa nyuma ya Bezuglov, Mzekala akaondoa mguu. "Sasa okota," akaniambia. "Ulikirusha wewe."

Nikaokota. Kilikuwa kimelowa, kimechanika, kina alama ya kiatu. Nikakikung'uta, nikamfunga kichwani, nikauficha msuko wangu ndani. Wale wanaume walikuwa wamegeuka, wote wanatazama ukutani mpaka nilipomaliza. Imeda akamshika mama yake mkono mmoja, mimi nikashika wa pili, na ulikuwa bado unatetemeka. Tulipofika nje, gari la Bezuglov lilikuwa limeshaondoka.